Viganja Tisa kwenye Muuku wa Kavata

Nyinyi mnaokuja kujifunza kusuka hapa Kalama huwa mnaniita Susu, yaani nyanya, na mnaniuliza jambo moja kabla hata hamjakaa: "Susu, inachukua muda gani mtu kujua?" Mimi huwaonyesha paja la kulia. Juu ya goti pana mahali pamelainika kama sahani, na hapaoti hata unywele mmoja. Ni katani iliyofanya hivyo, kwa sababu uzi wote niliosuka nao maisha yangu niliusokotea hapo. Siku mtakayonionyesha penu palivyolainika, nitasema mmejua. Mnacheka, mnavuta suruali, halafu mnauliza kama hakuna mashine ya kusokota.

Mashine iko. Mumbua wa kule Kyumbi, aliyekuja na kundi la mwisho, hata alinionyesha picha yake kwa simu. Sina ubaya nayo. Macho yangu yamechoka na niliacha kusuka, na mtu aliyeacha kazi hana haki ya kugombana na mashine. Lakini kuna jambo la kazi hii ambalo nimeombwa niliandike ndio lisipotee. Nilitoka shule darasa la tatu. Mjukuu wangu Mwende amenyoosha herufi. Maneno ni yangu.

Jambo lenyewe ni vile sisi wanawake tisa, wenye adabu na wenye kujua kazi, tulivyokaribia kuua mti wa mwenzetu Kavata bila hata mmoja wetu kuvunja sheria.

Sheria tulizipata kwa Mwaitu Ndinda, mama ya mume wangu. Hakuwa mtu wa kusifu. Kiondo changu cha kwanza nilikimaliza nikiwa mke mpya, nikampelekea nikitembea kama mtu amebeba keki. Alikitazama tu. Akakijaza wimbi, akaniambia, "Peleka kwa mama Syokau, ng'ambo ya mto, uniletee jibu." Nikaenda. Nilipofika kiondo kilikuwa kimebaki nusu, na nyuma yangu kuku wa maboma matatu walikuwa wanafuata njia. Mama Syokau akasimama mlangoni, akaniuliza, "Hawa kuku ni wa mahari ama umewapata tu?" Jibu nililorudisha ni hilo. Ndinda akasema, "Sasa umejua kwa nini mtu anasuka kitako kwanza, maua baadaye." Mpaka leo nikishika kitako cha kiondo cha mtu, kidole chenyewe kinaingia kutafuta shimo.

Ndinda ndiye aliyetufundisha rangi. Siku hizi iko ya dukani, kwa karatasi, unatia kwa maji moto na imeisha. Sisi tulitumia gome la muuku, ule mti wa kando ya mto wenye mbegu zilizo na mabawa mekundu. Gome lake unalipondaponda, unalichemsha na katani kutoka asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi, na linakupa rangi ya kahawia kama ya udongo uliolowa. Ukitaka nyeusi, unachukua katani hiyohiyo ukiwa umeipaka kahawia, unaizika siku mbili kwa tope jeusi la mto. Usiizike siku nne. Mwenzetu Katunge aliizika siku nne kwa sababu alienda matanga Masinga akasahau, na alipoifukua ilikatika mkononi kama tambi.

Sheria ya gome ilikuwa hivi. Unakata usawa wa kifua. Upana ni kiganja chako kimoja, urefu ni kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Ukikuta kidonda cha mtu mwingine usikiongeze, sogea pembeni. Ukimaliza, paka mavi ya ng'ombe na udongo, mti ufunge. Ndinda alisema hayo kama mtu anayehesabu vidole vyake. Hakueleza sababu, na sisi hatukuuliza. Kumwuliza Ndinda sababu ilikuwa kama kumwuliza kwa nini anaitwa Ndinda.

Sasa Kavata. Kavata na mimi tuliolewa mwaka mmoja, boma kwa boma. Katika kikundi chetu cha watu kumi hakuna aliyekuwa na mkono kama wake. Alikuwa anasuka akitembea kwenda mtoni, mtungi mgongoni, na hakosi uzi hata mmoja. Kisha akapata kiharusi. Mguu ulirudi, mdomo ulirudi kuliko ulivyokuwa, lakini mkono wa kulia ukabaki umelala.

Tulimtembelea vile watu hutembelea mgonjwa, kila mtu na sukari na unga. Mara ya tatu nilipofika na sukari yangu, akaniangalia mpaka nikaanza kuitafutia mahali pa kuificha.

"Kalondu," akasema, "hiyo ni ya nini?"

"Ni ya chai."

"Niko na sukari ya kunioshea miguu. Mnataka nife na kisukari juu ya kiharusi?" Akaisukumia kando kwa mkono wa kushoto. "Mimi sitaki kuwa mtu wa kuletewa sukari. Kwa kikundi, kila mtu analeta kazi yake. Mimi nitaleta nini?"

Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Muuku mkubwa uliobaki upande huu wa mto ulikuwa kwake, nyuma ya jikoni. Mingine ilikuwa imekatwa makaa. Akasema, "Nitaleta rangi. Gome ni langu, kila mtu akitaka kahawia atapita kwangu." Tukakubali. Kutoka siku hiyo Kavata alikuwa na kiti chake kwenye mkutano kama zamani, na akiingia alianza kutukaripia kwa kuchemsha vibaya. Mti ule ulikuwa ndio mkono wake wa kulia. Mkumbuke hilo, kwa sababu mimi nililisahau.

Zamani, siku ya kukata gome ilikuwa moja. Tulienda sote, Ndinda mbele na panga, na yeye peke yake ndiye alikata. Kiganja kimoja kilitosha watu wote, maana kiondo cha rangi kilikuwa cha harusi na cha kwenda kanisani. Tulishinda hapo mpaka jioni tukisengenya. Nilidhani kusengenya ndiko kulitupeleka.

Simu zilipokuja, tuliona ile siku ni ya kupoteza wakati. Mwende alitutengenezea kikundi kwa simu, tunaongea humo kwa sauti, kwa sababu wengine wetu hawasomi. Mnunuzi wetu wa Nairobi akituma picha ya kiondo anachotaka, kila mtu anaiona akiwa kwake. Mwende naye alijifunza chuo kuchora maua ya kiondo kwa kompyuta. Anaweka vijisanduku, kila kisanduku ni uzi mmoja, anatuambia raundi ya ishirini ingiza kahawia, raundi ya ishirini na tatu toa. Ilikuwa kazi safi. Hatukuhitaji kukutana mpaka siku ya kufunga mzigo.

Mwaka huo, kabla ya mvua ya Machi, mnunuzi akataka viondo vingi vya kahawia. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Nikashika simu, nikasema hivi, na sauti yenyewe bado iko humo kama mtu anataka kunisikia nikijifunga kwa mdomo wangu: "Wamama, kila mtu apite kwa Kavata achukue kiganja chake kimoja, kabla ya Jumapili. Kiganja kimoja tu, mnajua sheria."

Wa kwanza kwenda alikuwa Mbithe, Jumatatu, akakata upande wa jua linapochomoza. Syokau akaja mchana, akaona kidonda cha Mbithe, akasogea pembeni. Jumanne ni Nduku na Wanza. Jumatano Katunge. Alhamisi Mueni, Kamene na Ndanu, kila mtu kwa wakati wake, kila mtu akaheshimu kidonda cha mwenzake akasogea pembeni. Kavata alikuwa anawasikia kutoka jikoni, anaitikia salamu kwa "Wakya," wanaenda. Wote walipaka mavi ya ng'ombe.

Ijumaa nikafika mimi. Nilikuwa na haraka, nilikuwa nimeacha maharagwe motoni. Nilienda moja kwa moja palipokuwa na gome. Niliona kidonda kushoto, kimepakwa vizuri. Niliona kidonda kulia, kimepakwa vizuri. Nikajiambia, wanawake wangu wanafanya kazi safi. Nikaweka kiganja changu hapo katikati, kikaenea sawasawa kama mlango kwenye fremu yake, nikakata.

Sikuzunguka mti. Hatua sita tu zingetosha.

Jumamosi asubuhi Kavata akapiga simu. Hakusalimia.

"Kalondu, muuku wangu una shati la ndani."

"Unasema nini?"

"Kuja uone vile mmenivulia mti."

Nikaenda, nikaona. Kutoka usawa wa kifua, urefu wa mkono, shina lilikuwa jeupe na mavi ya ng'ombe kuzunguka lote. Viganja tisa, na mzunguko wa mti ulikuwa viganja tisa. Juu majani machache yaliyobaki kiangazi yalikuwa yametulia, hayana habari.

Nikaita wengine kwa simu. Wakaja mbio, wakasimama kila mtu mbele ya kiganja chake kama watoto waliopangwa mstari. Ubishi ukaanza hapohapo.

"Mimi nilikata kiganja kimoja," akasema Mbithe.

"Hata mimi."

"Kiganja cha Wanza ni kama sufuria," akasema Syokau. "Kama si hicho, kungebaki nafasi."

"Hebu wewe! Mkono wangu ni wa Mungu, nilikata nilivyopewa."

"Nani alikuwa wa mwisho?" akauliza Ndanu. "Wa mwisho si aliona?"

Nikasema, "Ni mimi." Wote wakageuka kunitazama, na kwa kweli ningependelea waendelee kubishana.

Kavata alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni pa jikoni. Akasema, "Sasa nitakuja kwa mkutano na nini? Na kiti?" Hakulia wala hakupaza sauti. Akaongeza, "Na mtu asiniletee sukari."

Nitawaambia nilichofanya, ambacho si cha kusifiwa. Nilirudi nyumbani nikakaa. Ni Mwende aliyesema, "Susu, si uulize watu wa miembe?" Kule Kyumbi, kando ya barabara, kuna mtu anaitwa Kioko anayeuza miche ya miembe ya kupandikiza. Amepandikiza miembe tangu awe na nywele. Mwende akampigia, akamtumia picha ya shina. Kioko akasema tusiguse chochote, tufunge kidonda kwa gunia lililoloweshwa, anakuja.

Alifika na kisu kidogo na mkebe wa maji. Akazunguka mti mara mbili kabla ya kusema neno. Kisha akatuuliza, "Nani aliwafundisha kukata?"

"Ni mama mmoja anaitwa Ndinda," nikasema.

"Alifundisha vizuri. Kila kidonda ni kizuri." Akatikisa kichwa. "Sijawahi kuona mti umeuliwa na watu wazuri hivi."

Akatueleza. Maji hupanda ndani ya mti, kwa hivyo majani yangeendelea kukaa, pengine hata mwaka. Lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa gome, na sisi tulikuwa tumekata njia yote. Mizizi ingekufa njaa polepole, na mti ungekuwa wa mwisho kujua. Dawa ni kutengeneza daraja: unachukua vitawi vya mti huohuo, unachonga ncha mbili, moja unaiingiza chini ya gome lililo juu ya kidonda, nyingine chini ya gome lililo chini, ili chakula kipite humo.

"Utashika?" Kavata akauliza.

"Kwa mwembe nimefanya, umeshika. Kwa muuku sijawahi, mama. Sitakudanganya. Lakini mvua iko karibu, gome linaachia mti kwa urahisi, na nyinyi mmekata juzijuzi tu. Mngenipigia wiki ijayo ningewaambia mchome makaa."

Basi sikilizeni, maana pengine siku moja mtahitaji. Kitawi kiwe kimenyooka, unene wa kidole cha mwisho, kirefu kuliko kidonda kwa vidole vinne ili kikae kimepinda kidogo kama upinde; mti unatikisika na upepo, na kitawi kilichovutwa sana kitachomoka. Kichwa chake kiangalie juu vile kilivyokuwa kinaota. Ukikigeuza hakishiki. Ncha ichongwe kwa mkato mmoja, usirudierudie kama mtu anayemenya viazi. Na usiguse pale palipochongwa kwa kidole, mafuta ya mkono ni adui. Hayo Kioko aliyasema mara moja. Sisi tuliyashika mara moja, kwa sababu vidole vilivyosuka vinajua kuingiza kitu kwa nafasi nyembamba bila kukivunja.

Akasema kila mtu aweke kitawi kwenye kiganja chake mwenyewe. Alisema ni kwa sababu ya haraka. Sijui.

Wakati wa kufunga, tukakwama. Kioko alikuwa na ule utepe wa plastiki wa miche, na mti si mche. Ungeisha kabla ya kuzunguka mara tatu. Alitaka kupiga misumari midogo. Wanawake wakakataa kwa pamoja, misumari juu ya yale tuliyofanya! Tukasema tutafunga kwa uzi wa katani. Kila mtu akatoa uzi aliokuwa nao, hautoshi. Hapo Kavata akaingia ndani, akatoka na robota la uzi kwapani.

"Huu ni wa nani?" nikauliza.

"Ni wangu. Unadhani hapa nakaa nikihesabu nzi?"

Tangu mkono wa kulia ulale, alikuwa anajifunza kusokota na wa kushoto, kwenye paja la kushoto, ncha ya uzi ikiwa imefungwa kwa kidole gumba cha mguu wa kulia. Alikuwa hajatuambia. Alisema alijaribu kumpa Nduku akasuke nao, na Nduku akaurudisha.

"Sikuurudisha kwa roho mbaya," Nduku akasema. "Ni uzi wa kushoto. Umesokotwa kinyume. Ukiuchanganya na wetu, kiondo kinapinda."

Hiyo ilikuwa kweli, na Ndinda angesema hivyohivyo. Lakini mti haupindi kwa uzi. Tukafunga: chini uzi wetu, juu yake uzi wa Kavata, tena wetu, tena wake, tukiubana vile tunavyobana kitako cha kiondo. Kioko alitazama mkono wa Mbithe ukifunga, akasema angemwajiri leo. Mbithe akamwambia mahari yake ilishalipwa. Tukafunika na udongo laini na majani ya mgomba, Kioko akaenda zake, akatuambia tulegeze uzi baada ya miezi miwili, la sivyo utaunyonga mti tulioufufua.

Mwende alipiga picha ya kila kitawi kabla hakijafunikwa, ili Kioko aweze kufuatilia akiwa Kyumbi. Siku iliyofuata alikuwa kwangu anazitazama, anazivuta kwa vidole kuwa kubwa. Akaniita.

"Susu, hapa mlitumia uzi wa rangi mbili?"

"Rangi gani? Hakuna hata tone la rangi kwa hiyo nyumba."

"Basi angalia."

Nikavaa miwani. Kwenye picha, shina lilikuwa na mistari: mmoja mweupe, mmoja wa kivuli, mweupe, kivuli. Katani ile ile, mti ule ule, jua lile lile. Uzi wetu ulikuwa umelala ukiangalia huku, wa Kavata ukiangalia kule, na mwanga ulikuwa unashika mmoja na kupita mwingine. Nilikuwa nimesuka maisha yangu yote nikitupa uzi wa kushoto kama mboga iliyooza, na sikuwahi kuuweka kando ya mwenzake nikatazama.

Nikamwambia Mwende achore kiondo chenye mistari ya hivyo. Akachora, upana wa raundi kumi wetu, raundi kumi wa Kavata. Kwa kompyuta kilikuwa kizuri sana. Nikakisuka mwenyewe, na hicho ndicho kiondo cha mwisho nilichosuka kwa macho yangu. Kilipofika nusu kikaanza kuegemea upande. Kilipoisha kilikuwa kimesimama kama mtu anayetoka harusini akitafuta geti. Nduku alikuja akakitazama, akafunika mdomo na leso.

"Sema tu," nikamwambia.

"Kalondu, mimi sijasema kitu. Ni kiondo kinachosema."

Kompyuta haikujua kwamba uzi una nguvu zake. Raundi kumi za kushoto zinavuta, na zile kumi za kulia zikija kurudisha, zinakuta kimeshapinda. Tukafumua. Mwende akauliza kama tukipunguza mistari iwe myembamba, kila mmoja uzuie mwenzake kabla hajafika mbali. Raundi tatu, tatu. Kamene alikuwa na macho mazuri, akakisuka yeye, na kikasimama wima kama bilauri. Sasa hilo mlijue: uzi wa kulia na wa kushoto wanaweza kuishi nyumba moja, lakini usimpe mmoja nafasi ya kuzoea.

Nilikuwa bado sijamwambia mnunuzi kwamba hakuna kahawia, maana gome lile tulilokata hakuna aliyekuwa na roho ya kulichemsha. Nilikuwa nimeliahirisha vile mtu huahirisha kung'oa jino. Mwende akaandika, nikamwambia aandike ukweli wote: gome tumekata vibaya, mti uko taabuni, mwaka huu hatutakata, tunayo hii nyingine. Akatuma picha ya kiondo cha Kamene. Tulikaa tukingojea jibu siku mbili. Likaja: "Hii rangi ya kijivu ni nzuri sana. Mmeitoa wapi?"

Nilimwambia Mwende amjibu kwamba hiyo si rangi, ni Kavata.

Mkutano uliofuata Kavata alikuja na marobota mawili, akayatupa mezani kabla ya sala. Mbithe alisema tusali kwanza. Kavata akasema Mungu ameshaona. Kisha akaanza kutupangia: hakuna mwingine anayesokota kushoto sawasawa, kwa hivyo kila kiondo kitangoja uzi wake, na asiharakishwe. Wanza alijaribu kusokota kushoto ili amsaidie, uzi ukatoka kama mkia wa nguruwe. Kavata alimwambia apate kiharusi kwanza. Hatukujua kama tucheke. Alipocheka yeye, tukacheka.

Kuhusu gome, tulikubaliana tena, na hili nataka mlishike. Siku ya kukata ni moja, watu wote wako, anakata mtu mmoja. Kwa sasa tunachukua matawi yaliyopogolewa na yaliyovunjwa na upepo, gome la tawi linatoa rangi hafifu lakini inatosha pindo. Simu itumike kuita watu. Isitumike kuwatuma mmojammoja. Ile siku tuliyoiona ni ya kupoteza wakati ndiyo iliyokuwa inauzunguka mti kwa ajili yetu.

Mvua ilikuja ikakaa. Baada ya miezi miwili Kioko alirudi, tukafungua. Kati ya vitawi tisa, vitano vilikuwa vimeshika, vimenenepa kwenye ncha, kijani chini ya ganda ukikwaruza. Cha Mbithe, cha Syokau, cha Katunge, cha Kamene na cha Ndanu. Cha Wanza kilioza. Cha Nduku na cha Mueni vilichomoka. Changu kilikauka kimesimama hapohapo, na ukikitazama kwa mbali ungedhani kizima.

Upande wa mashariki wa mti ukatoa majani. Upande wa magharibi, uliokuwa juu ya kiganja changu, haukutoa, na msimu uliofuata matawi yake yakaanza kudondoka. Kioko alisema utaishi hivyo, nusu. Alisema amewaona watu wengi wanaoishi hivyo.

Siku majani yalipojaa vizuri nilienda kwa Kavata. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, maana katika muda huo wote sikuwa nimemwomba msamaha kwa mdomo, na mtu wa umri wangu hafai kubaki na kitu kama hicho. Nilimkuta mlangoni pa jikoni, mguu mbele, uzi umefungwa kwa kidole gumba. Hakuinua kichwa.

"Kavata, nimeona mti umetoa majani upande huu."

"Umetoa."

"Na upande wangu..."

"Nimeuona. Nakaa nao hapa kila siku, wewe ndiye mgeni." Kiganja chake cha kushoto kikashuka kwenye paja, kikarudi, kikashuka. "Kalondu, kama umekuja kusimama, unanizibia mwanga. Kama umekuja kwa kazi, katani imeisha. Niletee."

Nikaenda kuleta.